Picha Isiyo na Bahari

Leseni ilikuwa irudishwe wizarani kabla ofisi hazijafungwa siku hiyo, na mwanamke aliyesema irudishwe alikuwa anatuhumiwa kuhongwa.

Kesi yenyewe ndiyo hiyo. Sajenti aliipokea asubuhi akiwa amesimama, maana hakuwa na desturi ya kukaa kabla hajakimaliza chumba kwa macho. Upolisi alishaustaafu, ila cheo kilikataa kustaafu. Hata kinyozi wake alimwita Sajenti. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na meza ndefu ya mikutano, viti vya ngozi vilivyoanza kubanduka, na ukutani picha moja kubwa ya rangi ndani ya fremu nyeusi.

"Kaa basi," Mkurugenzi alimwambia. Alikuwa mama wa makamo, mwanasheria kwa kazi, miwani imepandishwa kichwani.

"Nitakaa. Nieleze kwanza kama unamweleza mtoto. Mimi gesi naijua ya jikoni tu."

Mkurugenzi alieleza. Kampuni ilipewa kitalu baharini, eneo la maji kubwa kuliko wilaya, itafute gesi chini yake. Leseni ilikwenda kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kupima na kutazama, na leo ilikuwa inakwisha. Wakiamua kuendelea, mkataba unawafunga kuchimba kisima, watake wasitake. Wakiamua kuacha, wanatia sahihi, kitalu kinarudi serikalini, basi.

"Na kisima kikitoka kitupu?"

"Nafunga mlango, nakabidhi funguo za jengo."

"Nani kasema muache?"

"Msomaji wetu wa picha za miamba. Humu ndani tunamwita Mama Rangi. Alinijia akasema gesi hakuna. Nikamuuliza sababu, akasema sababu ataileta mkuu wake. Mkuu wake ni Bwana Kisima. Amekuja, lakini kaleta sababu za kuchimba."

"Bwana Kisima ndilo hasa jina lake?"

"Ndilo walilompa. Tangu ameingia humu neno lake ni hilo moja: tuchimbe." Mkurugenzi alisukuma simu yake mezani. "Halafu leo alfajiri nimetumiwa hii, kwa namba nisiyoijua."

Ilikuwa picha. Mama mwenye kilemba cha zambarau ameketi nje ya mgahawa na mwanamume mwenye kipara. Mwanamume alivaa fulana ya kampuni nyingine ya mafuta. Chini ya picha kulikuwa na maneno machache: Muulizeni kahongwa nini.

"Hiyo kampuni ya fulana," Mkurugenzi alisema, "inakingojea kitalu hichihichi tukikiacha. Sasa sikiliza. Ukiniambia kahongwa, naita polisi na nachimba. Ukiniambia hakuhongwa, natia sahihi. Ila nataka jibu leo, na jibu lisiwe la kubahatisha. Yule mama ana watoto wawili shuleni, na mimi nina watu wanaokula kwa kalamu hii."

Sajenti aliirudia picha ya simu, akaikuza kwa vidole. Ilipigwa kutoka juu. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kitu cha kijani, kinene, chenye miiba, nje ya fokasi. Akairudisha simu, akageukia ile ya ukutani. Ilikuwa na mistari ya buluu na nyekundu iliyolazwa kama mikeka, na katikati yake donge moja jekundu lililokoza.

"Na hili?"

"Hilo ndilo Doa. Gesi yenyewe, kama ipo. Nimelitazama kila siku nikinywa chai."

Rangi ya ukuta ilikuwa imefubaa kwa jua. Ni ukanda mmoja tu juu ya fremu, mpana kama kiganja, uliobaki mweupe kama siku ulipopakwa.

"Hapa palikuwa na picha nyingine?"

"Ni hiyohiyo. Kioo kilipasuka, wakaichukua watu wa ghorofa ya tatu kuitengeneza."

"Ikarudi imepungua kimo."

Mkurugenzi alishusha miwani, akatazama ukuta wake mwenyewe kama anauona leo. Sajenti alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Chumba cha Mama Rangi kilielekea uani, kwenye matangi ya maji. Mapazia yalifungwa ili skrini zake mbili zionekane vizuri. Kilemba kilikuwa kilekile cha kwenye picha.

"Karibu, Sajenti. Nimeambiwa ukikaa tu, mtu ajue ameponyoka."

"Waliokuambia wametia chumvi. Mwanamume wa kipara ni nani?"

"Fundi wa kebo."

"Wa ile kampuni."

"Kwa sasa. Zamani alikuwa kwenye meli iliyopima kona ya kitalu chetu, hiyo yenye Doa. Nilimuuliza swali moja."

"Swali gani?"

"Kamuulize yeye. Nikikuambia mimi utasema tumepanga."

Alisema bila hasira. Sajenti aliuma mdomo wa chini, akaelekeza kidole kwenye skrini. "Haya, nifundishe rangi."

Hapo mama akachangamka. Alieleza kwamba meli hupita juu ikipiga sauti majini. Sauti inashuka, inagonga miamba, inarudi, na kebo inayoburutwa nyuma ya meli inaisikiliza. Kompyuta inageuza kilichosikika kuwa picha. Humu ofisini, sauti ikikuta kitu kilicho laini kuliko kilicho juu yake, hupakwa nyekundu. Ikikuta kigumu, buluu. Gesi ikijaa kwenye mwamba inaulainisha.

"Kwa hiyo nyekundu ni gesi."

"Inaweza kuwa."

"Na Doa ni jekundu kuliko pilipili. Wewe unasema si gesi. Kwa nini?"

Mama Rangi alichukua kikombe chake cha chai, akakuta kitupu, akakirudisha.

"Sababu ina mwenyewe," alisema mwishowe. "Nimempa nafasi aiseme kwa kinywa chake. Siku bado haijaisha."

"Mama, mimi si mchumba wako, usinifichie. Saa ya polisi kuitwa pia haijaisha."

"Najua."

"Watoto wako wanajua?"

Hiyo ilimpata. Alikaza uso, akageukia skrini.

Sajenti alibadilisha njia. "Bwana Kisima mnaonana vipi?"

"Yule ni Mwalimu wangu." Sauti yake ilibadilika. "Nilikuja hapa sijui hata kutofautisha mwamba na kelele ya injini. Alikaa na mimi kiti kwa kiti. Nilipojifungua, wakubwa walitaka nafasi yangu apewe mwingine, akagoma, akazifanya kazi zangu juu ya zake mpaka nikarudi. Mkate wa nyumbani kwangu unatokana na mtu yule. Somo la kwanza alilonipa, hakunionyesha gesi kabisa. Aliniambia, binti, kabla hujatazama kitu chochote, tazama sakafu ya bahari."

"Kwa nini sakafu?"

"Muulize yeye. Anaeleza vizuri kuliko mimi."

*

Mgahawa ulikuwa ng'ambo ya barabara. Sajenti alitafuta meza ya kwenye picha, akaijua kwa mguu wake uliofungwa waya, akaegemea nguzo kando yake. Akainua macho. Madirisha ya jengo la kampuni yaliyoweza kuiona meza ile yalikuwa ya ghorofa ya tatu tu, kwa kuwa ya chini yalizibwa na bango. Moja ya madirisha hayo lilikuwa na chungu cha mshubiri.

Fundi wa kebo, aliyeitwa kwa simu, alifika akihema, kipara kinang'aa, fulana ileile mwilini.

"Ndiye wewe unayepeleleza chai?"

"Ndiye mimi. Nani aliilipia?"

"Dada yule. Sukari niliongeza mwenyewe, kama nayo ni kosa." Alijibwaga kitini. "Kaa, bwana, shingo inaniuma kukutazama."

"Kampuni yako inakitaka kile kitalu."

"Itakuwa. Mimi wameniajiri nishone kebo, hawajanituma kununua bahari."

"Alikuuliza nini?"

"Kama kwenye meli yetu ya zamani tulirekodi kinyume. Nikamwambia ndiyo. Mkuu wa vipimo alikuwa na mtindo wake, kule kwetu kigumu na laini vilibadilishana viti. Ukipaka rangi kwa desturi ya ofisi za siku hizi, kila kitu kitatoka kichwa chini miguu juu. Tulipokabidhi kanda za vipimo tuliwaambia waliozichukua. Sasa kanda zimepita mikono mingapi tangu hapo, mimi na wewe hatujui."

"Una hakika, au unakumbuka kumbuka?"

Fundi alikuna kipara. "Nakumbuka. Hakika yake anayo yeye, aliniambia ameshaithibitisha kwenye picha. Nilimuuliza basi mimi umeniitia nini. Unajua alisema nini? Alisema anatafuta mtu wa kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu akiwa yuko sahihi kuna mtu anayemheshimu ataumia. Nilitamani nimwambie amekosea, ndugu yangu. Wallahi sikuweza."

Sajenti aliondoa mgongo kwenye nguzo. "Asante. Chai ya leo nalipa mimi."

"Andika hiyo nayo," fundi alisema. "Nimehongwa mara mbili."

*

Bwana Kisima alikuwa mrefu, mkavu, mvi zimemkaa vizuri. Chungu cha mshubiri kilikuwa dirishani kwake, na kuta tatu za chumba zilijaa picha za Doa, kubwa na ndogo, za miaka na miaka, kama mtu mwingine angeweka za wajukuu. Juu ya kabati kulikuwa na mashine ya kukatia karatasi, ile ya ubao na kisu kirefu.

"Sajenti, karibu kiti."

"Baadaye kidogo." Alizungukia kuta akiwa amefunga mikono nyuma. Picha zote zilianzia kwenye mistari. "Mzee, mnasema hii ni miamba ya chini ya bahari. Mbona bahari siioni hata kwenye picha moja?"

"Hatuchimbi maji. Tunaikata ili picha ienee kwenye ukurasa. Ni mazoea, kila ofisi inafanya hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Doa lilipoonekana. Kila aliyelipenda alitaka kuliona kubwa zaidi."

Sajenti alisogeza uso kwenye picha moja. Kingo zake zilikuwa za njano kwa uzee. "Hizi zilikatwa zamani. Nakubali, mazoea. Ila ya Mkurugenzi ilikuwa na bahari yake mpaka majuzi. Ukuta bado unaikumbuka. Fremu mpya ikaja fupi."

"Kioo kilipasuka."

"Kioo, ndiyo. Karatasi nayo ilipasuka?"

Sajenti alikwenda dirishani, akachungulia chini. Meza yenye mguu wa waya ilikuwa palepale, na fundi bado anakunywa chai yake. Aliligusa jani la mshubiri kwa kidole.

"Mti mzuri. Umeingia kwenye picha ya simu, sijui kama uliuona."

Nje mtu alipiga honi, akaacha.

"Sikuja kukukamata, mzee, sina hata pingu," Sajenti alisema. "Nimekuja kusoma. Mama Rangi ameniambia somo la kwanza ulilompa lilikuwa sakafu ya bahari. Nikamuuliza kwa nini, akasema wewe unaeleza vizuri zaidi. Nieleze."

Bwana Kisima alitazama meza yake. Alipoanza, alianza kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Maji ni laini. Sakafu ya bahari, hata iwe tope, ni ngumu kuliko maji. Hilo halibadiliki popote duniani. Kwa hiyo sauti ikitoka kwenye maji ikagonga sakafu, imegonga kigumu, hakuna ubishi. Rangi utakayoiona kwenye sakafu ndiyo rangi ya kigumu katika picha ile. Ukishaijua hiyo, ndipo uangalie chini. Usipoanza na sakafu, unaweza kuutazama mwamba ukadhani ni gesi, na usijue maisha yako yote."

"Na sakafu juu ya Doa ina rangi gani?"

Mzee alifungua mtoto wa meza. Akatoa karatasi iliyoviringwa, nyembamba, ndefu kama mkanda, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Nilitaka kuuchoma ukanda huu," alisema. "Nilishindwa. Yule binti aliniletea habari mwenyewe, mlango umefungwa, anaongea taratibu kama yuko msibani. Alinionyesha sakafu. Nyekundu, sawasawa na Doa. Nikamwambia niachie, nitamweleza Mkurugenzi mimi. Akakubali. Akanishukuru, unasikia? Alinishukuru. Halafu nikakaa hapa nikatazama kuta hizi. Siku ileile nikaenda kuichukua picha ya Mkurugenzi. Kioo nilikivunja mimi."

"Na mgahawani?"

"Niliwaona tu. Nikaona nimepata mlango." Alivua miwani. "Amenitaja?"

"Nilimbana mpaka nikamgusia watoto. Akasema sababu ina mwenyewe."

"Anangoja nini?"

"Anakungoja wewe."

Sajenti alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa. Walikaa hivyo, wawili, na ule ukanda katikati yao, mpaka mzee aliposimama mwenyewe na kuuchukua.

*

Mkurugenzi alikuwa mezani na hati mbili mbele yake, moja ya kuendelea na moja ya kurudisha. Mama Rangi aliitwa, akaingia na mkoba wake begani kama mtu asiyejua atatokea mlango upi.

Bwana Kisima hakupiga hodi mara mbili. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaufungua ukanda, akaushikilia juu ya fremu kwa mikono yote miwili. Uliziba ile sehemu nyeupe ya ukuta barabara, hakuna kilichozidi wala kupungua.

"Hii ndiyo bahari," alisema akiwa amewapa mgongo. "Huu mstari ndio sakafu. Mkurugenzi, ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Ni ngumu au laini?"

Mkurugenzi alifikiri kidogo. "Sakafu? Ngumu."

"Sasa tazama Doa."

Mkurugenzi alilitazama donge alilolinywea chai miaka yote ile. Alilitazama, akapandisha macho kwenye ukanda, akashuka tena.

"Ni mwamba," alisema polepole.

"Mwamba mgumu, huenda wa volkano ya zamani. Nilikosea, na tangu nilipojua nilikosea nimedanganya. Binti huyu aliniambia kwanza. Nikamzuia asikwambie, nikakata picha yako, nikakutumia ile ya simu. Hakuhongwa hata kijiko cha sukari."

Mikono yake ilianza kuchoka, karatasi ikaanza kushuka upande mmoja. Mama Rangi aliweka mkoba chini, akaenda kushika upande mmoja.

"Asante, Mwalimu," alisema.

"Unanishukuru nini? Nimekupaka matope."

"Utayapangusa, si umeshaanza? Nakushukuru kwa sakafu. Bila somo lile nisingeona, na meli ya kuchimba ingekuwa njiani."

Mkurugenzi alikuwa amegeuza uso dirishani. Alipogeuka, macho yake yalikuwa na maji, na sauti imeshuka. "Mama Rangi, nilikuwa nimeshaandaa namba ya polisi. Nisamehe. Na asante. Sijui nitakulipaje fadhila hii."

"Nina ombi moja. Taarifa inayokwenda wizarani iambatanishwe na huu ukanda. Anayekuja nyuma yetu asije akaona Doa bila bahari. Kina fundi nao wana watoto."

"Utaambatana."

Alitia sahihi ya kurudisha. Dereva aliondoka na bahasha mkononi, na walimsikia akishuka ngazi mbili mbili. Wizara ilikuwa bado wazi.

Chini kwenye lango, Mkurugenzi alimsindikiza Sajenti mwenyewe. "Ulikaa?" alimuuliza.

"Ghorofa ya tatu. Kiti kizuri, ila kina mguu mmoja mbovu."

"Hutahitaji kukirudia. Naifunga ghorofa ile."

"Naelewa."

"Nilidhani leo ningerudi nyumbani nimeibiwa," alisema Mkurugenzi. "Narudi nimeokolewa, na aliyeniokoa nilitaka kumfunga. Nitakuwa nashukuru huku naona aibu, sijui kama inawezekana."

"Inawezekana," Sajenti alisema. "Mimi nimeizoea."

Kuinusuru kampuni siku ile kuligharimu hivi. Kitalu kizima kilirudi serikalini. Ghorofa moja ilizimwa taa, na watu wake tisa wakapewa barua za kuagana. Wote walilipwa haki zao, lakini walikwenda. Bwana Kisima aliacha kazi kabla hajaulizwa, akatoka na sanduku moja, na picha za kuta zake akaziacha zilivyo. Mama Rangi alibaki na kazi, jina safi na chungu cha mshubiri alichoachiwa, na mtu wa kumwita Mwalimu hakuwa naye tena jengoni. Mkurugenzi alibaki na ukuta wenye msumari. Na chai ya fundi, vikombe vinne, ililipwa na Sajenti.